Maleba ya fagia: Jinsi ya kujishonea nguo za jukwaa na begi la safari bila kugusa Fuliza

Ujumbe huingia Alhamisi saa tatu usiku kwenye grupu ya wazazi: "Kesho watoto wote waje wamevaa kitamaduni." Hakuna maelezo ni utamaduni wa nani, hakuna notisi ya wiki moja, na salio la M-Pesa linasoma kama namba ya nyumba. Ukiwa mzazi Umoja, Kayole ama Dandora, hiyo presha unaijua fiti. Kuna wenzako wengine wameizoea kwa njia tofauti. Ni wale wasee wa kuigiza, wale hudandia gari saa kumi alfajiri wakipeleka tamthilia za setibuku kwa shule za Machakos, Murang'a hadi Kisii, kisha usiku wanarudi mtaani kugawana kile kimebaki. Shida yao ni moja: nguo ya kuvaliwa dakika arobaini inataka kula pesa ya wiki nzima.

Hizo nguo zinaitwa maleba. Ndiyo, lile neno la fasihi simulizi ulilokariri ili upate maksi mbili. Leo linarudi na faida.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kundi lenu lina waigizaji 8, kila mmoja anabadilisha nguo mara mbili, na kukodi nguo moja ni soo tatu kwa siku. Hiyo ni 4,800 kwa siku. Ziara ya siku 10 inakula 48,000, na mwisho wa ziara nguo zinarudi kwa mwenyewe, nyinyi mnabaki na picha za simu. Hapo hujalipa dereva, hujala chapo madondo ya barabarani, hujamwekea mtu bima ya chochote. Ndiyo maana vikundi vingi vya mtaani huvunjika si kwa kukosa talanta, bali kwa sababu doo inaishia kwa vitu vya kurudisha.

Habari njema ni kwamba mtu wa Eastlands ameketi juu ya mgodi. Gikomba, Kamukunji, Kariokor na Eastleigh ziko karibu karibu, unaweza kuzimaliza kwa miguu kwa asubuhi moja ukianza mapema na ukivaa viatu ambavyo huogopi tope. Ongeza Uhuru Market kule Jogoo Road, ambako mafundi wanashona yunifomu za shule mwaka mzima, na huna sababu ya kwenda mall.

Gikomba: usikimbilie kamera

Kila mtu anayejua mitumba anajua kamera, zile nguo za kwanza bale ikifunguliwa, safi, bei juu. Kwa maleba, kamera ni kupoteza pesa. Unachotaka ni fagia, lile rundo la mwisho ambalo mwenye kibanda anataka liishe aende nyumbani. Nguo ya jukwaani itaonekana kutoka mita kumi. Hakuna mwanafunzi wa Form Three atakayeona doa la chai kwenye mkono wa shati, na hata akiliona, huenda mhusika mwenyewe ni mlevi.

Siri kubwa ambayo mafundi wa jukwaa wanaijua ni hii: wacha nguo, enda upande wa mapazia. Pazia la mtumba lina kitambaa kizito, kipana, na mara nyingi kina rangi za kifalme: maruni, dhahabu, kijani kibichi. Pazia moja la mahameli linatoa joho la chifu na kofia yake. Shuka la kitanda linatoa kanzu mbili. Foronya nne zinatoa mashati ya watoto. Ukinunua kitambaa hicho kipya kwa mita, fundi atakuhurumia.

Kabla ya kulipa, jua kitambaa ni cha aina gani, hasa kama unataka kukitia rangi. Pamba hushika rangi, poliesta hukataa. Njia ya mafundi ni kuchoma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Lakini tafadhali, usiwashe kiberiti ukiwa sokoni. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Chomoa uzi, uweke mfukoni, ukauchome nyumbani juu ya sinki.

Sasa tuchukue mhusika halisi. Yona kwenye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni mwalimu wa zamani aliyezama kwenye pombe. Makundi mengi humvalisha nguo zilizoraruka kama chokoraa. Hapana bwana. Yona alikuwa mwalimu. Anahitaji koti lililowahi kuwa la heshima. Nunua koti la fagia lenye kola nzima, kisha ulizeeshe. Piga msasa kwenye viwiko, kwenye ukingo wa mifuko na nyuma ya kola, pale ambapo koti la kweli huchakaa. Weka mawe mifukoni, lilowanishe na ulitundike usiku kucha, mifuko itashuka yenyewe kama ya mtu aliyebeba chupa miaka kumi. Shati lake jeupe lichemshe kwenye majani ya chai mpaka ligeuke rangi ya meno ya mvutaji. Toa kifungo kimoja, kile cha tatu, usitoe vyote. Akitokea jukwaani hajasema neno, darasa lote limeshamwelewa.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuvaa nguo na kuvaa mhusika. Wale wa video za TikTok na YouTube wanalijua hili vizuri sana. Flaqo akiwa Mama Otis hahitaji lori la nguo. Wazee wetu wa runinga walitangulia: Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau, alikuwa na koti na kofia, na ukiona koti tu ulishaanza kucheka.

Leso nayo iheshimuni. Huuzwa mbili zikiwa pamoja, kila moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na hakuna kitu kingine kinachofanya kazi nyingi hivyo. Ni sketi, kilemba, mbeleko, shuka la mgonjwa, pazia la mlango, na mchezo ukiisha inafunga mzigo. Kundi la watu 8 likivaa nguo nyeusi za kawaida chini, halafu kila mhusika akapewa kitu kimoja cha kumtambulisha, kwa mfano leso, koti, miwani au kofia, mnaweza kucheza wahusika 15 na nguo zote zikaingia begi mbili. Na kwa kubadilisha haraka, shona vifungo juu ya nguo kama pambo tu, kisha ndani uweke velkro. Velkro ina kelele, kwa hivyo ibandue wakati wenzako wanaimba.

Ile ya kesho asubuhi ya mtoto

Turudi kwa mzazi wa Alhamisi usiku. Tafuta gunia la katani, lile la viazi ama maharagwe, si lile la plastiki. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 35 na upana wa kiuno cha mtoto mara moja na nusu. Sasa vuta nyuzi za kulala, moja moja, ukianzia chini, mpaka ubakishe sentimita 5 juu ambazo hazijaguswa. Utapata sketi ya manyoya ya katani. Kunja ile sehemu ya juu, pitisha lastiki, shona kwa mkono. Saa moja na umemaliza. Ndani avae kaptura ama petikoti maana katani inawasha, na asikae karibu na jiko, kitu hicho kinashika moto kama karatasi.

Kelele za miguuni zitoke kwa vizibo vya soda. Toboa kila kizibo kwa msumari, ponda kingo kwa nyundo zisimkate mtoto, zifunge tatu tatu kwenye kipande cha lastiki. Lakini kabla hujachanganya shanga za huku na ngozi za kule, pigia shosho simu. Atakuambia kwenu watu walivaa nini, na pengine mtoto ataenda shule na hadithi, si nguo tu.

Na usione aibu ya takataka. Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyekulia hizi pande za Eastlands, alitengeneza miwani kutoka kwa nyaya, vizibo na vyuma alivyookota. Aliziita C-Stunners. Miwani hizo zimemzungusha dunia, na amewahi kusimama jukwaa la TED kuzielezea. Hadithi yenyewe, kama alivyoisimulia, ilianza akiwa mtoto anayelilia miwani nyumbani, akaambiwa na babake kwamba kama anazitaka, ajitengenezee.

Kingao cha patipati

Hapa sasa ni kwa wale wa kosplei, wanaojiandaa kwa Naiccon na sherehe zingine za komiki na anime. Wengi wanaamini bila kuagiza vifaa nje huwezi kuwa shujaa wa maana. Lakini ukicheki vizuri, kile kifaa kinachotumiwa na wanakosplei dunia nzima kwa vyuma vya kifuani ni EVA, na EVA ni ile ile inayotengeneza soli za patipati na ile mikeka ya rangi inayounganishwa kama fumbo, ya watoto kuchezea. Mikeka hiyo ikianza kuchakaa watu huitupa. Uliza kwa shule za chekechea na kwa majirani.

Kwanza pima mwili. Vaa fulana nzee, mwambie beshte akufunike kifua kwa magazeti na selotepu mpaka uwe kama maiti ya Misri, kisha achore kwa kalamu mistari ya kingao juu ya hayo magazeti. Akate taratibu ukiwa bado ndani, na tafadhali mkasi uwe wa ncha butu. Vile vipande ukivilaza chini ndiyo mchoro wako. Huu ujanja unashinda kupima kwa futi kamba kwa sababu mwili una mabonde.

Hamisha mchoro kwenye EVA, kata kwa kisu kipya cha kukatia karatasi. Kisu butu kinararua, kwa hivyo badilisha wembe mapema. Pale ambapo vipande viwili vinakutana kwenye kona, kata ukingo ukiwa umelalia upande, vikutane kama paa la nyumba. Pasha moto kwa draya ya saluni ya moto mkali ama pasi iliyowekwa karatasi katikati. EVA ikipata joto hulainika, ikunje juu ya goti lako au sufuria, ishike mpaka ipoe, itabaki na umbo hilo. Gundi ni ile ya fundi wa viatu. Paka pande zote mbili, ngoja kama dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa isinate kidole, halafu bana. Ukibana ikiwa mbichi itaachia, na watu hulaumu gundi bure.

Hiyo gundi, wasee, ifungulieni nje. Kila mtu wa mtaa ameona inavyowafanyia vijana wa chokoraa. Kwa keja ya kumi kwa kumi yenye dirisha moja, saa mbili za kupaka gundi zinakuletea kichwa kinachogonga na tumbo linalogeuka. Kaa kwenye korido ama juu ya nyumba, mbali na jiko, na watoto wasiwe karibu.

Rangi nayo ina utaratibu. Ukiipaka moja kwa moja, EVA inaifyonza, na ukicheza inapasuka. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, paka mara nne au tano ukiacha ikauke kila mara. Baada ya hapo paka nyeusi yote, kisha chukua sponji kavu yenye rangi ya fedha kidogo, pitisha kwenye kingo tu. Itafanana na chuma kilichoona vita. Kitu kimoja cha kuepuka ni ile sponji nyeupe inayokuja na katoni ya TV. Ni nyepesi na ni ya bure, ndiyo, lakini gundi ya viatu na rangi ya kupuliza huiyeyusha mbele ya macho yako.

Kama lazima uwe na chuma cha kweli, Kamukunji iko pale. Mafundi wa jua kali wamekuwa wakigonga mabati pale tangu kabla Rais Moi hajawatembelea mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda. Wanatengeneza masufuria na masanduku, ngao si kitu. Enda na mchoro wa karatasi wenye vipimo, si picha ya simu, na mkubaliane bei kabla nyundo haijainuka. Lakini kumbuka utabeba hilo bati kwa mgongo mpaka Kisii.

Kuna watu watasema hivi vitu ni vya watoto. Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo: msichana mgonjwa, kijiji kizima, na shujaa wa kutengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Ilifika tamasha la Berlin. Na mwaka 2019 Ruth E. Carter alishinda Oscar kwa mavazi ya Black Panther, baada ya kuchimba mapambo ya jamii za Afrika, Wamaasai na Waturkana wakiwemo. Shanga na rangi nyekundu ambazo Hollywood ililipia sana, wewe unazipita kila siku ukienda kazi.

Yunifomu: hapa simama kidogo

Makundi mengi ya setibuku yana mhusika askari. Kwenye Kigogo ya Pauline Kea kuna Chopi na walinzi wa Majoka. Kishawishi ni kutafuta suruali ya jangu ama shati la polisi kwa mitumba. Usijaribu. Sheria ya adhabu ya Kenya inakataza raia kuvaa yunifomu ya jeshi au polisi, ama nguo inayofanana nayo, bila ruhusa. Ni kweli sheria hiyo imewaachia nafasi waigizaji walio katikati ya mchezo jukwaani. Lakini nafasi hiyo ni ya jukwaani. Haiko kwa kiti cha nyuma cha mathree, saa tatu usiku, kwenye kizuizi cha barabara, ukimweleza afande kwamba wewe ni Chopi na umetoka Sagamoyo.

Jibu liko ndani ya tamthilia yenyewe. Sagamoyo ni jimbo la kubuniwa, kwa hivyo askari wake si lazima wafanane na wa Kenya, na inapendeza zaidi wasipofanana. Chukua makoti mawili ya kahawia ya mtumba, yawe ya kufanana. Shona utepe mwekundu begani, kata nembo ya reksini yenye nyoka (Majoka, umeelewa?), weka bereti ya rangi ya zambarau. Epuka ile bluu ya polisi iliyoletwa 2018. Bunduki iwe ya mbao, ipakwe rangi ya kung'aa, na isafiri ikiwa imevunjwa vipande viwili ndani ya begi. Ukisafiri kwa SGR mizigo inapitishwa kwa mashine na kunuswa na mbwa, kwa hivyo wacha nyumbani hata hiyo ya mbao, na ile gundi pia.

Begi la kubeba yote haya

Wengi hubeba maleba kwa Nigerian bag, ile ya mistari ya miraba. Ni bei rahisi, lakini zipu yake hufa safari ya pili na mkono hukatika ukishuka Machakos Country Bus kukiwa na tope. Tengeneza yako kwa bango.

Bango la plastiki la matangazo, lile la krusedi ama la mwanasiasa aliyeshindwa, ni kitambaa cha bure kisichopitisha maji. Baada ya uchaguzi yanajaa. Omba mwenyewe, usipande nguzo kuyang'oa. Geuza sura ya mheshimiwa iangalie ndani, isipokuwa kama unapenda kuulizwa maswali njiani.

Begi la mviringo ndilo rahisi kushona. Kata duara mbili zenye kipenyo cha sentimita 32 na mstatili mmoja wa 94 kwa 57. Ukiondoa sentimita moja ya mshono kila upande, duara inabaki 30, na mzunguko wake ni kama 94. Utauliza mbona mstatili haukuongezwa mshono kwa upande wa 94. Ni kwa sababu zipu inaingia hapo, na upana wa zipu unarudisha kile mshono umekula. Shona zipu kwanza, liwe bomba, ndipo uweke duara mwishoni ukiwa umeacha zipu wazi, la sivyo hutaweza kuligeuza. Nunua zipu ya meno makubwa, hapa usibane pesa. Zipu ndiyo begi.

Kwa bango usitumie pini, tundu lake halizibiki. Bana kwa vibanio vya nguo za kuanika. Mshono uwe mrefu, kwa sababu mshono wa karibu karibu unalitoboa bango kama stempu na litachanika kwa mstari huo huo. Sindano iwe nene, namba 16 au 18. Cherehani ya nyumbani ikigoma kwenye kona, mpelekee fundi wa viatu, ile sindano yake ya mkono hupita mahali mashine hulia.

Mkanda wa begi ulio bora kabisa mtaani ni mkanda wa gari. Umefumwa kushikilia mtu mzima kwenye ajali, utashikilia makoti. Unaupata kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, kutoka kwa magari yaliyokufa. Si kwa mathree uliyoketi ndani: ile iliwekwa kwa nguvu za Michuki mwaka 2004, iheshimu. Mita 2.5 zinatosha kuzunguka chini ya begi na kubaki na mikono miwili. Kila mahali mkanda unaposhikana na begi, shona mraba wenye msalaba ndani, na chini yake weka kipande cha reksini. Reksini ya vipande vipande iko kwa mafundi wanaoshona viti vya manganya. Mabaki yao yana rangi ambazo hutazipata duka lolote.

Vitu vidogo vya safari vinatoka kwa mabaki. Mguu mmoja wa jinzi, urefu wa sentimita 60, ukishonwa upande mmoja na kuwekwa kamba upande wa pili, ni mto wa shingo. Usiujaze sponji. Ujaze leso na fulana za mchezo. Umelala mpaka Narok na umepunguza mzigo kwa begi. Mwavuli uliovunjika una vipande vinane vya pembetatu visivyopitisha maji. Kila viwili ni kipochi cha vipodozi na sponji mbichi. Hiki kipochi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu tangu Agosti 28, 2017 juala za kubebea zilipigwa marufuku, na rangi ya uso ikimwagikia shati jeupe mkiwa njiani, mhusika amekufa kabla ya onyesho.

Pesa za kundi zisikae kwa begi kabisa. Shona mfuko bapa wa bitana ya koti, upana wa noti, uweke lastiki ya kiuno, mweka hazina auvae chini ya fulana. Simu ukiwa dirishani kwenye foleni ya Jogoo Road, wewe mwenyewe unajua.

Mkishamaliza, andikeni orodha ya kila nguo na jina la mhusika, ibandikeni ndani ya kifuniko cha begi, na mtu mmoja tu awe na jukumu la kuhesabu kabla gari halijaondoka shuleni. Vilemba hupotea sana. Miwani hufuata. Makundi mengine pia huanza kukodishia wenzao siku ambazo hawana onyesho, na hapo bei muiweke mkikumbuka kufua na kushona upya, si kitambaa tu. Mtu akirudisha koti la Yona likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, mtozeni faini, kazi yenu ya msasa imeharibiwa.

Nguo za jasho zisilale ndani ya bango, halipumui. Mkifika mtaani, hata kama ni saa sita usiku, tundikeni kila kitu kwa kamba, nyunyizeni siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwenye makwapa ya makoti yasiyofulika, na begi liachwe juu ya kabati zipu ikiwa wazi.